Mwalimu Akisema "Kaa Vizuri", Mwulize: Vizuri Namna Gani?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya masaisi na wapanda farasi wa mazoezi. Yamepigwa chapa hapa kwa sababu wanachama wengi walikuwa zamu siku ile na hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme juu ya kujifunza kupanda farasi, na hasa juu ya jambo moja ambalo halisemwi sana, yaani namna ya kupata kwa mwalimu maneno yaliyo wazi, maneno ambayo mtu anaweza kuyafanyia kazi. Najua wako hapa wanachama wa kazi nyingine, madereva na watu wa bustani, na labda wanajiuliza habari hii ya farasi inawahusu nini. Nawaomba wavumilie kidogo. Yeyote aliyefundishwa kazi kwa kupigiwa kelele ataona lake humu.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili ni la chama, wala si la michezo tu. Wazee wanajua ya kuwa kabla ya mwaka 1954 mbio za farasi hapa Nairobi zilikuwa upande wa Kariokor, na ndiyo sababu mpaka leo iko barabara kule inayoitwa Racecourse. Tangu 1954 uwanja uko Barabara ya Ngong. Uwanja umehama, lakini kazi ya alfajiri haikuhama. Farasi huamshwa gizani, na wanaowaamsha ni watu kama ninyi, hapa Ngong na Karen, na kule Gilgil na Nanyuki. Saisi anayelisha, kupiga brashi na kufagia banda ana mshahara wake. Saisi awezaye kupanda na kumfanyisha farasi mazoezi mara nyingi ana mshahara mwingine, tena ana jina. Kati ya hao wawili pana mlango mmoja, na anayekaa mlangoni ni mwalimu. Maneno yake yakiwa wazi, mtu hupita. Yakiwa kelele tu, mtu hukaa nje miaka mitano akiambiwa kila siku kwamba bado.

Tena liko jambo la mwili. Farasi wa mbio ana uzito wa kilo mia nne na hamsini, hata mia tano, na ukiwa juu yake kichwa chako kiko zaidi ya mita mbili kutoka ardhini. Asiyeambiwa sawasawa kosa lake yuko juu ya mnyama huyo na kosa hilo kila asubuhi.

Basi tuanze. Maneno ya mwalimu ni ya namna mbili. Liko neno la hatari na liko neno la mafunzo. Neno la hatari ni hili: "Shika shingo!" au "Ruka!" au "Mgeuze!" Hilo haliulizwi. Mwalimu akipiga kelele hiyo, fanya, halafu uliza ukiwa chini na mzima. Wako wenzetu wanaomchukia mwalimu kwa sababu ya sauti yake kubwa, na mimi nasema hapo hawamtendei haki. Mtu aliye upande wa pili wa uwanja wa mchanga, upepo ukivuma na farasi sita wakizunguka, hawezi kunong'ona.

Shida iko katika neno la mafunzo. "Kaa vizuri!" "Tumia miguu!" "Mpande huyo farasi, usibebwe kama gunia!" Ndugu zangu, katika maneno hayo kuna nini cha kufanya? Mtu aliyejua kukaa vizuri angekuwa amekwisha kaa hivyo. Ni kama kumwambia fundi mwanafunzi, "Tengeneza meza nzuri," bila kumwambia mguu gani ni mfupi. Tena maneno mengi ya kazi hii yametoka katika Kiingereza, na wengi wetu tunayameza bila kuyatafuna. Mtu anasikia neno miaka mitatu, anaitika "Ndiyo," na hajui maana yake hasa ni kiungo gani kifanye nini.

Chukueni mfano wa mikono, maana hapo ndipo pana mambo mengi. Hakuna neno linalopigwa kelele zaidi ya hili: "Mikono! Tuliza mikono!" Mwanafunzi akisikia hivyo hufanya nini? Hukaza. Hukaza vidole, hukaza kiwiko, hukaza bega mpaka shingo. Sasa tazameni yanayotokea. Katika mwendo ule wa troti (watu wa pwani husema punda huenda matiti, na msicheke, ni Kiswahili safi) miguu ya farasi huenda miwili miwili kwa mshazari: wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha wale wengine. Kila jozi ikigonga chini mpandaji hurushwa, na ndiyo maana tunainuka na kukaa, tunainuka na kukaa. Lakini kichwa cha farasi katika troti karibu hakichezi. Basi mwili wako unapanda na kushuka, na kinywa cha farasi hakipandi wala hakishuki. Mkono uliokazwa kiwiko utafuata mwili. Ukiinuka, mkono unainuka, na lijamu inamvuta farasi kinywani. Ukikaa, hatamu zinalegea. Ukiinuka, anavutwa tena. Hivyo zaidi ya mara sitini kwa dakika moja! Farasi anatupa kichwa, mwalimu anazidi kupiga kelele "Tuliza mikono!", na mwanafunzi anazidi kukaza. Anatii kabisa, na kwa kutii anaharibu.

Neno lililo wazi lingekuwa hili: "Unapoinuka, kiwiko kifunguke, unapokaa, kikunjike. Kidole kidogo kikae karibu na shingo ya farasi, kisiache mahali pake." Mwenye kusikia hivyo hurekebika kabla ya kumaliza duara mbili, maana sasa ana kitu cha kufanya. Kutulia kwa mkono ni kutulia mbele ya kinywa cha farasi, si mbele ya tumbo lako wewe. Tena si mwendo wote. Farasi akitembea, au akienda kanta, kichwa chake huenda mbele na kurudi, na hapo mkono wenye kutulia kama mti ndio mkono mbaya, lazima umfuate. Kwa hiyo maneno yale yale mawili, "tuliza mikono", yana maana moja katika troti na maana nyingine katika kanta. Mwalimu anajua. Wewe utajuaje asipokuambia?

Mfano wa pili ni visigino. "Visigino chini!" Mwanafunzi anavisukuma chini kwa nguvu. Mguu unakwenda mbele, makalio yanarudi nyuma, na mtu anakaa kama aliyeketi kitini akingoja chai. Visigino viko chini kweli, mwalimu amepata alichotaka, na upandaji umekuwa mbaya kuliko mwanzo. Jambo hili ni la zamani sana. Xenophon, Mgiriki aliyekuwa askari na aliyeandika kitabu juu ya upandaji zaidi ya miaka elfu mbili na mia tatu iliyopita, alionya kwamba mpandaji asikae kama mtu wa kitini, ila awe kama mtu aliyesimama miguu ikiwa imepanuka. Wakati ule wapandaji hawakuwa hata na vikuku. Lakini angalieni namna alivyofundisha: alimpa mtu picha ambayo mwili unaifahamu. Na walimu wazuri wa leo wana swali lao la namna hiyo hiyo, nanyi mwaweza kujiuliza wenyewe: kama farasi huyu angetoweka chini yangu sasa hivi, ningetua kwa miguu, au ningeanguka kwa makalio? Ukijibu kwa haki utajua kama mguu wako uko chini ya nyonga au umekimbilia mbele.

Sasa tuje kwenye kuuliza kwenyewe. Wengine watasema, "Mimi ni saisi tu, nitamwulizaje mwalimu? Ataniona mjuaji." Kuuliza si ujinga, wala si ufidhuli, lakini kuna wakati wake na namna yake. Usimwulize farasi akiwa katika kanta. Ngoja mpaka aseme farasi wapumzike, hatamu zikilegezwa na watu wakitembea. Hapo mkaribie. Usiseme, "Mwalimu, naendeleaje?" Swali hilo ni kubwa mno, na jibu lake ni dogo: "Si mbaya." Utaondoka na "si mbaya" yako na hutakuwa na la kufanya kesho.

Sema hivi: "Mwalimu, umesema mikono yangu inacheza. Ni wote miwili au mmoja? Inacheza ninapoinuka au ninapokaa?" Hapo mwalimu lazima atazame. Huenda hata yeye alikuwa hajatazama hivyo. Atasema, "Zunguka tena nikuone." Umepata jicho lake kwa duara moja zima, nalo ni kitu cha thamani, maana ana watu sita. Kisha akikujibu, rudia maneno yake kwa kinywa chako mwenyewe: "Kwa hiyo ni mkono wa kushoto, nikiinuka. Kiwiko kifunguke." Akisema ndiyo, mmeelewana. Akisema sivyo, mmeokoa mwezi mzima.

Na kama neno ni la Kiingereza na hulifahamu, mwombe akuonyeshe kwa mkono. "Tafadhali mwalimu, niwekee mguu mahali unapoutaka." Mwalimu akikishika kifundo cha mguu wako na kukiweka nyuma kidogo, mwili utashangaa. Utaona kana kwamba mguu umekwenda nyuma sana, umepotoka kabisa, na kumbe sasa ndipo umenyoka. Hili nalisisitiza. Mwili hudanganya. Uliokaa umepinda mwaka mzima huona kupinda ndiko kunyoka. Ndiyo sababu hatuwezi kujifunza hili peke yetu kwa kujisikia tu, na ndiyo sababu tunamhitaji mtu wa nje.

Tena uliza jambo moja tu kwa siku moja. Mwalimu mwenye haraka hukupa saba: kichwa juu, mikono, visigino, mgongo, pumua, tazama mbele, mguu. Hakuna binadamu awezaye saba. Mwambie kwa heshima, "Mwalimu, leo nichagulie moja, nilifanyie kazi mpaka mwisho." Ninavyoona mimi, hilo moja mara nyingi likiwa ni macho, litavuta mengine. Kichwa cha mtu kina uzito wa kilo nne au tano, na mwenye kutazama masikio ya farasi kichwa chake kimeanguka mbele, bega limefuata, na mgongo umekuwa upinde. Akiinua macho atazame kona anayoiendea, mengine mawili matatu hujirekebisha bila kutajwa.

Nawe usiulize makosa tu. Hili watu hulisahau. Mwombe mwalimu akuambie pia wakati ule ule unapopata. Neno "Sasa!" au "Hapo hapo!" likisemwa katika hatua yenyewe lina faida kuliko maelezo marefu baadaye zizini, kwa kuwa mwili ungali unasikia. Neno likichelewa, farasi amekwisha piga hatua tatu nyingine, na hujui ni ipi iliyosifiwa. Mfano mzuri ni ule wa kuinuka katika troti ndani ya duara. Sheria ni kwamba uinuke bega la farasi la upande wa nje linapokwenda mbele. Ukikosea, mwalimu husema, "Umeinuka na mguu usio wake, kaa mapigo mawili." Basi unakaa mapigo mawili, unainuka, na umekuwa sawa. Ona lilivyo kamili neno hilo! Limetaja kosa, limetaja dawa, na wewe mwenyewe waweza kutazama bega chini uhakikishe. Laiti maneno yote ya kazini yangekuwa hivyo.

Wako wanaodhani kwamba kurudishwa kwenye kamba ndefu, mwalimu akiwa katikati ameshika kamba na farasi akizunguka, ni kudharauliwa, ni kazi ya watoto. Kule Vienna, katika nchi ya Austria, iko Shule ya Kihispania ya upandaji, ambayo jengo lake lilijengwa tangu 1729 mpaka 1735, na bado inafanya kazi. Wanafunzi wake, ambao watakuja kuwa mafundi wakubwa kabisa wa dunia katika upandaji, huwekwa kwanza kwenye kamba, bila vikuku na bila hatamu, kwa miezi mingi. Faida yake ni moja: mwanafunzi hana kazi ya kuongoza farasi, na mwalimu hana watu wengine wa kutazama. Ni mwalimu mmoja, mwili mmoja, na neno moja kwa wakati wake. Basi mtu akiambiwa arudi kwenye kamba kwa dakika ishirini, asinune. Ningelikuwa mimi, ningeiomba.

Sasa iko njia nyingine ambayo wazee wetu hawakuwa nayo, nayo iko mifukoni mwenu. Mwaka 1878, katika Marekani, tajiri mmoja wa California, Leland Stanford, alimwajiri mpiga picha Eadweard Muybridge ampige picha farasi akienda shoti. Muybridge alipanga kamera nyingi mfululizo kando ya njia. Watu walikuwa wamebishana muda mrefu kama miguu yote minne huwa hewani kwa mara moja. Picha zilionyesha kwamba huwa hewani kweli, lakini wakati miguu imekusanyika chini ya tumbo, si wakati imenyoshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora. Wachoraji hao walikuwa na macho mazuri, na wengine waliishi na farasi maisha yao yote, na bado jicho halikuweza kukamata.

Basi mwenzako asimame kando ya uzio na simu yake, akuchukue nusu dakika tu, kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Kutoka ubavuni waweza kuona kama sikio, bega, nyonga na kisigino viko katika mstari mmoja. Kisha peleka picha hiyo kwa mwalimu, mwombe aisimamishe mahali kosa lilipo. Hapo hawezi tena kusema "kaa vizuri" tu, kwa sababu kidole chake kiko juu ya kitu. Lakini omba ruhusa kwanza, maana wako wenye farasi wasiotaka farasi wao apigwe picha, nao wana haki yao.

Farasi mwenyewe naye ni shahidi. Masaisi mna bahati kuliko wanafunzi wa kulipa ambao humwona farasi saa moja kwa wiki. Ninyi mwamjua huyu akiwa na raha hufanyaje masikio, huwa anatupa kichwa au hatupi. Akitupa kichwa chini yako na hatupi chini ya mwenzako, hilo ni jibu, mpelekee mwalimu: "Mwalimu, kwangu anatupa kichwa, kwa mwenzangu hatupi. Natofautiana naye wapi?" Swali hilo hujibika.

Sasa la mwisho, nalo ni la chama. Mtu akijaribiwa ili apandishwe kuwa mpanda farasi wa mazoezi na akaambiwa, "Hujafaulu, rudi baada ya miezi sita," jibu hilo halitoshi. Arudi na nini? Tunataka kila anayejaribiwa apewe kwa maandishi, hata mistari mitatu kwenye karatasi: ni mwendo gani alioshindwa, ni kiungo gani, na ni nini kitakachotazamwa siku ya kurudi. Hatuombi mtu asiyeweza apandishwe. Farasi mchanga wa miaka miwili hana huruma na cheti cha bure. Tunaomba ajue anachokosa. Katika zizi moja, ambalo silitaji, kijana alirudishwa mara tatu kwa neno moja tu, kwamba "hana mkono", na hakuna aliyemwonyesha mkono ni nini. Aliacha kazi akaenda kuendesha bodaboda.

Na upande wa pili, asiyefundishwa asipandishwe juu ya farasi mkali kwa sababu tu mwenye zamu hakuja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, katika kifungu cha 6, yamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili wafanya kazi wawe salama. Haisemi viwanda tu. Zizi ni mahali pa kazi. Sheria hiyo hiyo yakutaka wewe nawe umwarifu msimamizi wako ukiona hatari kubwa iliyo karibu. Basi ukiletewa farasi ambaye hujafundishwa kumshika, sema mapema, na useme kwa neno lililo wazi kama lile unalolitaka kwa mwalimu. Usiseme, "Naogopa." Sema, "Farasi huyu huruka upande akipita lori, nami bado sijafundishwa kumzuia asiporuka hivyo. Naomba niende naye nyuma ya farasi mtulivu, au apewe mwenzangu." Msimamizi mwenye akili atasikia tofauti, na asiposikia, mjulishe mjumbe wetu wa zizi siku hiyo hiyo, si baada ya kuvunjika mkono.

Kamati imekubali ya kuwa kila Jumapili ya pili, baada ya farasi kulishwa, wale wanaotaka kutazamana wakutane kando ya uwanja mdogo wa mchanga. Mtu aje na jambo moja analolifanyia kazi, amwambie mwenzake atazame hilo tu. Mwalimu mmoja amekubali kuja kutusaidia bila malipo kwa saa moja. Majina yaandikwe kwa Katibu kabla ya Alhamisi. Sasa nakaa chini, na wenye maswali na waulize.